Somo la Sita Kupitia Dirisha

Kitu cha kwanza utakachoambiwa kwenye darasa la ndoa ni kuzima simu. Cha pili ni kwamba mapenzi peke yake hayatoshi. Cha tatu, na hiki hakuna mtu aliyeniambia kabla sijajiandikisha, ni kwamba Mzee Kaloki ana rejista, na rejista hiyo ina nguvu kuliko mahari.

Mzee Kaloki ni mzee wa kanisa letu hapa Tawa. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Shuleni alistaafu, rohoni bado. Masomo ni manane, kila Jumamosi saa nane mchana, na bila cheti cha darasa kanisa halikufungishi ndoa. Ukikosa moja, unaanza upya na kundi linalofuata, na kundi linalofuata linaanza Februari. Siku ya kwanza Waithaka, jamaa anayeuza simu hapa sokoni, aliinua mkono.

"Mzee, na mtu akifa je?"

Mzee Kaloki alimwangalia juu ya miwani. "Huyo hatahitaji cheti."

Hapo nikajua kwa mzee huyu nimepata mtu wa kushindana naye.

Mimi ni Nyamai, mtoto wa Migwani. Nilikuja huku Makueni miaka minne iliyopita kufunga gata, ile mifereji ya ukingo wa paa, na matangi ya maji ya mvua, nikabaki kwa sababu ya Kalunde. Watu husema ninaongea sana. Si kweli, ni wao wanaonyamaza sana. Kalunde ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache na yote yamenolewa. Mchezo wetu tangu mwanzo ni huo: mimi nasema kumi, yeye anajibu moja, na hiyo moja inanimaliza.

Masomo matano ya kwanza niliyapita nikipiga mluzi. Kwa somo la pili mchungaji wetu, Mchungaji Gichuru, alituambia tuandike mambo yanayotuudhi kwa mwenzetu. Mimi niliandika moja tu: "Hangoji nimalize stori, yeye hucheka katikati." Kalunde alijaza ukurasa, akaomba karatasi nyingine. Kwa somo la nne tulikaa tumepeana migongo, mmoja anaeleza kitu na mwingine anakichora bila kuuliza. Kalunde alieleza nyumba. Mimi nilichora kitu ambacho Waithaka alisema ni ng'ombe amevaa kofia. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Muthoki, mchumba wa Waithaka, alicheka mpaka akatoka nje. Mzee Kaloki hakucheka, lakini aliomba picha abaki nayo.

Kwa hivyo nilikuwa mtu mwenye raha zake. Nilikuwa nangoja somo la sita kama kila mtu. Kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni limeandikwa "Mume na Mke Faraghani," lakini sisi tulikuwa tunaliita la chumbani. Hufundishwa na mke wa mchungaji, Mama Shiru, na wale waliopita darasa hilo mbele yetu walisema mama huyo hana woga wa neno lolote.

Sasa binti yao Shiru akajifungua huko Murang'a, na Mama Shiru akaenda kukaa na mjukuu mwezi mzima.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Gichuru alitangaza kanisani, mbele ya watu wote, kwamba somo la sita litafundishwa na mwenyekiti wa kina mama. Mwenyekiti akasimama, akainamisha kichwa, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga matatu hivi. La nne lilibaki hewani, mikono imeachana, kwa sababu mwenyekiti wa kina mama ni Mama Kanyiva, na Mama Kanyiva ndiye aliyemzaa Kalunde.

Nikageuza macho haraka nikaangalia dari. Na mama mwenyewe, nasikia, aliketi akiwa ameshaona ni nini amekubali.

Baada ya ibada Waithaka alinikuta nyuma ya tangi la kanisa.

"Unajificha nini?"

"Sijifichi. Nakagua tangi."

"Sasa shida iko wapi? Ni mama tu. Unaketi, unasikiliza, unaenda nyumbani."

"Waithaka, huyo mama atasimama mbele yangu aseme neno kitanda."

"Ni neno tu."

"Kwenu ni neno. Kwetu hiyo ni kama kuvua nguo sokoni siku ya soko."

Ikabidi nimweleze, maana yeye ni Mkikuyu, na watu wa kwao wakishamaliza mahari wanakumbatiana na wakwe kama timu imefunga bao. Sisi Wakamba tuna nthoni. Nthoni ni heshima na aibu zikiwa zimefungwa kamba moja. Nilipeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Kalunde mwezi wa nane, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hajaoa hata akiwa na pete kumi. Tangu siku ile mbuzi walipoingia kwa lango, mimi na Mama Kanyiva hatujatazamana machoni. Akija sokoni kwa upande wa mahindi, mimi nahamia upande wa mitumba. Tukipatana njiani, anashusha leso usoni na kuchunguza mchanga, na mimi nachunguza miti. Nikienda kwao, chakula analeta Kalunde, na mama anabaki jikoni akinitumia salamu kama mzigo. Hata kabla ya mbuzi nilikuwa namkwepa, kwa hivyo sura yake siijui vizuri. Namjua kwa mlio wa viatu.

"Kwa hivyo hujawahi kuongea na yeye?" Waithaka akauliza.

"Hata kikohozi hatujawahi kubadilishana. Hata kumwita mwaitu, yaani mama, sijawahi."

"Na sasa atakufundisha..."

"Usimalize."

Nilienda kwa Mchungaji Gichuru. Ni mtu mzuri, amekaa Tawa miaka sita, anakula isyo, mahindi yetu na maharagwe, kuliko sisi wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega.

"Nyamai, ndani ya Kristo hakuna mama mkwe. Sisi sote ni ndugu."

"Mchungaji, tukiwa ndugu hilo somo linazidi kuwa baya."

Alicheka, lakini hakubadilisha. Akaniuliza swali moja: "Mama amesimama na kupigiwa makofi na kanisa zima. Leo nikitangaza nimemwondoa, watu watasema alifanya kosa gani?" Nikaona ni kweli. Kumwondoa ni kumwaibisha kuliko kumwacha.

Jioni hiyo Kalunde alikuja pale nilipokuwa napima bomba.

"Mama ameketi jikoni tangu atoke kanisani. Chai imepoa mara mbili."

"Alikubali vipi bila kukumbuka mimi niko kwa darasa?"

"Mchungaji alimuuliza mlangoni watu wakipita. Alikumbuka akiwa amesimama tayari."

"Kwa hivyo mimi husahaulika hivyo."

"Ungekuwa mtu wa kusahaulika, tusingekuwa na hii shida." Akakaa juu ya bomba langu. "Nyamai, nisikilize bila kunijibu. Januari naripoti Nuu."

Hilo nilijua. Amepandishwa cheo, anaenda kuwa naibu wa mwalimu mkuu, kazi aliyoingojea miaka mitatu. Nuu si mbali sana na Migwani kwetu, na mimi ningehamisha vyombo vyangu nikaanze kazi upande huo. Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Lakini baba yake alikuwa ametoa neno lake, na mzee yule akitoa neno halirudi: binti yake hataenda kuishi upande wa kwetu kabla ya harusi, watu wasije wakasema ametupa mtoto akabaki na mbuzi. Tukikosa somo moja, tunasukumwa Februari, harusi inaenda baada ya Pasaka, na cheo hakingoji Pasaka.

"Mama atafundisha," Kalunde akasema. "Ameamua. Lakini nimemwona. Mtu mmoja akicheka tu, ataacha kitabu hapo mezani na atatoka, na hilo somo halitafundishwa tena. Na darasa letu lote hucheka likikuangalia tu, hata ukiwa umelala."

"Basi nitaketi nyuma kabisa."

"Akuone?"

"Nitavaa kofia."

"Nyamai. Nataka kufika Nuu nikiwa nimeolewa. Nataka na mama awe harusini akiwa na uso wa kutazama watu. Vyote viwili."

Hiyo ndiyo ile moja yake. Nikalipima lile bomba upya, na yeye amelikalia.

Jibu lilikuja Ijumaa. Nilikuwa juu ya paa la mtu huko Mbumbuni, nafunga gata, na chini yangu mume na mke wakaanza kugombania chumvi. Aliyeimwaga, aliyesema haikumwagika, mama ya nani aliyemharibu mtoto wake. Waliendelea karibu saa nzima, mpaka wakapatana, mpaka wakaambiana maneno matamu kidogo, na mimi niko mita mbili juu ya vichwa vyao na ngazi yangu imesimama mlangoni. Niliposhuka, yule mama aliruka.

"Kumbe ulikuwa hapo?"

Ndipo nikaelewa kitu ambacho nimekifanyia kazi miaka minne bila kukiona. Fundi akiwa juu ya ngazi si mtu. Ni sehemu ya nyumba.

Na kanisa lilikuwa limeniagiza gata za upande wa kaskazini, ule upande wenye madirisha. Nilikuwa nimepanga kuzifunga wiki ile nyingine. Nikaiharakisha kazi ije Jumamosi ileile ya somo.

Jumamosi saa nane kasoro, Mzee Kaloki alitoka na rejista yake akanikuta nimesimamisha ngazi kando ya dirisha la pili.

"Nyamai, darasa liko ndani."

"Mzee, mimi niko darasani. Niko upande wa nje wa darasa."

"Rejista ni ya waliohudhuria."

"Inasema kuketi?"

Alifungua ukurasa wa kwanza, ambapo aliandika sheria kwa mkono wake mwenyewe. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: mwanafunzi awe amesikia somo lote, na awe amejibu swali moja la mwalimu. Akasoma tena. Kisha akaangalia ngazi, na akaangalia ile njia ambayo Mama Kanyiva hupitia. Mzee Kaloki ni mwalimu na ni mzee wa kanisa, lakini kabla ya hayo yote ni Mkamba na alikuwa na mama mkwe.

"Dirisha liwe wazi," akasema. "Na sitaki nyundo."

"Nimekuja na skrubu, Mzee. Skrubu hazina kelele."

"Wewe ndiye una kelele."

Akaingia. Nikapanda. Nikaweka skrubu tatu mdomoni, kama fundi yeyote anavyofanya, na hapo ndipo niliona Mungu ana mipango. Mtu mwenye skrubu tatu katikati ya meno hawezi kusema kitu, hata kama amezaliwa nacho ulimini.

Viatu vilikuja. Nilivijua kutoka langoni. Vikafika karibu na ngazi vikasimama.

"Kalunde," sauti ikasema. "Nani yuko kwa ngazi?"

Kalunde alikuwa mlangoni. "Ni fundi wa gata, mama."

Mimi nilikuwa nimekumbatia mabati kama mtoto.

"Fundi wa gata anaendelea na kazi yake?"

"Anaendelea."

"Haya. Kazi ya Mungu isisimame."

Viatu vikaingia ndani.

Alianza na maombi marefu. Nafikiri alikuwa anamwomba Mungu amalize saa nzima yeye mwenyewe. Kisha akafungua kitabu, na kwa dakika tano hivi alisoma kwa sauti kavu kama mtu anayesoma maagizo ya dawa ya ng'ombe. Waithaka, aliniambia baadaye, aliangalia dirishani akitafuta uso wangu ili acheke, akapata suruali na buti mbili, na buti hazichekeshi. Akarudisha macho mbele.

Halafu nikasikia kitabu kimefungwa.

"Hiki kitabu kimeandikwa na mtu ambaye hajaolewa Makueni," akasema. "Wacha niwaambie vile ilivyo."

Sasa, yale aliyoyasema mengine yalikuwa ya darasa na yatabaki ya darasa. Lakini nilisikia mwanamke ambaye sikuwa namjua. Alisema chumba cha watu wawili huingiliwa na wageni ambao hawapigi hodi. Simu ni mgeni. Hasira ya jana ni mgeni. Maneno ya dada ya mume ni mgeni. "Na mama mkwe ni mgeni," akaongeza, "hata akiwa mimi." Watu wakaguna kidogo. Mimi niliuma skrubu. Alisema mwaka wake wa kwanza wa ndoa, mume wake alikuwa mtu wa kutouliza na yeye mtu wa kutosema, wakawa kama watu wawili wamesimama pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja anangoja mwingine afungue, na mlango haukuwa hata umefungwa kwa kitasa.

"Tulikaa hivyo mwaka mzima," akasema. "Msikae hivyo. Ulizeni. Semeni."

Muthoki aliuliza maswali mawili ambayo nisingethubutu kuuliza hata daktari. Akajibiwa yote mawili, taratibu, bila kutikisika. Gata yangu ilikuwa imefika kona na nilikuwa nimefunga skrubu ileile mara tatu.

Kisha yakaja maswali ya kila mtu. Waithaka akaulizwa, akajibu. Muthoki akajibu. Kalunde akajibu kwa sentensi moja, kama kawaida yake. Mzee Kaloki akakohoa.

"Mwalimu, kwa rejista yangu amebaki mmoja."

Nilisikia leso ikivutwa. Sikuona, lakini leso ikivutwa unasikia.

"Kalunde," akasema, "mwambie fundi kuna swali lake."

"Fundi," Kalunde akasema akiangalia dirisha, "kuna swali lako."

Nikatoa skrubu mdomoni, nikaziweka kwa mfuko wa shati, nikashuka vidato viwili mpaka macho yakafika dirishani, nikiyaelekeza kwa mabenchi, mbali na meza ya mwalimu. Vichwa vyote viligeuka.

"Muulize hivi," sauti ya mama ikasema. "Mume ametoka kazini, ana hamu zake, na mke anasema leo hapana. Huyo mume afanye nini?"

Kalunde alinirudishia swali lote neno kwa neno, bila kuruka hata moja, akiwa ameshika ukingo wa benchi. Waithaka alikuwa ameshaweka kiganja mdomoni. Mizaha minne ilinijia wakati mmoja, imejipanga foleni, yote mizuri, na mmoja wao ungeweza kuangusha lile kanisa. Niliiangalia nikaiacha ipite.

"Mwambie mwalimu," nikasema, "mume ashukuru kwamba ameambiwa ukweli. Mke ambaye anaweza kukwambia hapana, ndiye ukisikia ndiyo yake unaiamini."

Nikaona pengine jibu halijatosha.

"Halafu kama kuna vyombo havijaoshwa, akavioshe. Alale. Na asubuhi asiamke na uso wa mtu aliyenyimwa chakula."

Chini yangu, Mzee Kaloki alikuwa ameshika kalamu juu ya rejista na kalamu haijashuka.

"Kalunde," sauti ikasema, na ilikuwa imebadilika kidogo, "muulize fundi. Na huyo mume akinuna siku mbili?"

Kalunde akafungua mdomo kuniuliza, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Mwambie mwalimu, akinuna siku mbili, basi hapo ndipo mke anajua alikuwa sawa kusema..."

Sikumaliza. Mtu alicheka. Haikuwa Waithaka, maana Waithaka alikuwa na kiganja mdomoni na macho yamemtoka. Kicheko kilitoka mbele, pale penye meza, kikapanda juu ghafla, na kilikata sentensi yangu katikati kama vile mtu fulani amekuwa akinikata kwa miaka mitatu. Nikageuka bila kukusudia nikamwangalia Kalunde, na Kalunde alikuwa anaangalia miguu yake, mabega yanacheza.

Kumbe tabia hii ya kucheka katikati ni ya kurithi. Ningejua hivyo nisingeiandika kwa karatasi ya mchungaji.

Darasa zima likafuata, na hakuna kitabu kilichoachwa mezani, na hakuna mtu aliyetoka. Mama Kanyiva alijikausha macho kwa pembe ya leso, akafunga kwa maombi, na safari hii yalikuwa mafupi. Mzee Kaloki akaishusha kalamu yake kwenye rejista. Baadaye alinionyesha ule mstari, kwa sababu anajua nisingelala: jina langu, alama ya tiki, na kando yake ameandika, "Nje, kwa ngazi. Alisikia na alijibu." Nikamwambia, "Mzee, basi Desemba iko." Akasema Desemba imekuwepo siku zote, mimi ndiye nilikuwa mashakani.

Viatu vilitoka. Vikapita chini ya ngazi, leso imeshuka usoni, na mimi nikawa nachunguza kona ya gata kama mtu aliyeandikiwa na daktari. Hatua kama tano mbele vikasimama.

"Kalunde, mwambie fundi gata ya jikoni nyumbani imeinama tangu mwaka jana. Mvua iko karibu. Akija, aje na ngazi yake."

"Fundi, umesikia?" Kalunde akauliza.

"Nimesikia."

"Na somo la saba ni la kulea watoto. Utakuwa ndani ama nje?"

"Anafundisha nani?"

"Mzee Kaloki."

"Nje."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwao, juu ya jikoni, skrubu tatu mdomoni. Moshi wa kuni ulikuwa unapita kando ya uso wangu. Chini ya mabati nikasikia mtu anafunika sufuria, anaifunua, anaifunika tena. Kisha sauti ikaiambia sufuria, "Habari ya asubuhi."

Nikatoa skrubu, nikayaambia mabati, "Nzuri sana, mwaitu."